Inveta Iliyozima Kila Alhamisi

Sijui kukaa. Nikiketi, mguu mmoja uko mlangoni tayari. Mama yangu husema nilizaliwa nimesimama na wakunga walipata taabu kubwa. Hata haya ninayaandika nimesimama, daftari juu ya kabati, na kila aya mbili natoka nje kuangalia kitu ambacho hakihitaji kuangaliwa.

Mimi ni injinia wa metali. Lubumbashi nilifanya kazi katika kiwanda cha kuyeyusha na kumimina, mwanamke peke yangu kati ya wanaume waliokuwa wakisubiri nikosee. Vita vilipotusukuma, mimi na mama tulivuka ziwa Mweru kwa boti, tukaingia Zambia. Tukapokelewa kambi ya wakimbizi ya Kenani katika umati wa watu wenye magodoro na sufuria, na baadaye tukapata nyumba ya vyumba viwili Nchelenge. Wiki ya kwanza nilipanga vitu. Wiki ya pili nilivipanga upya. Wiki ya tatu mama aliniomba, kwa jina la Mungu, nitafute kazi.

Kazi niliipata Kashikishi, nyuma ya soko la samaki, kwa fundi mmoja wa kutoka Mwansabombwe anayemimina sufuria. Anakusanya pistoni, vipande vya injini za boti na sufuria zilizotoboka, anaviyeyusha kwa mkaa na feni ya gari bovu, kisha anamimina alumini kwenye mchanga. Siku ya kwanza nilimwambia mchanga wake una maji mengi mno. Alinitazama, akacheka, akanipa koleo. Tangu hapo tunafanya kazi pamoja. Ananiita "ba injinia", kwa heshima ya Kibemba, hata akiwa amenikasirikia, na hunikasirikia mara nyingi.

Adui yangu ni joto. Vifaa vya umeme vinavyotufikia huku vimetengenezwa na watu ambao hawajawahi kukaa chini ya bati mwezi wa kumi. Ndani ya kila inveta, kila chaja, kila taa, kuna kitu kidogo chenye ukubwa wa ukucha kinachotoa joto, na joto hilo lisipopata njia ya kutoka, kitu kile kinaungua na mwenye nacho anasema amelogwa. Dawa yake ni metali nene iliyogusana nacho vizuri, yenye mapezi yanayolichukua joto na kulikabidhi kwa hewa. Ndiyo maana nikaanza kumimina mapezi.

Mafanikio yangu ya kwanza yalikuwa taa za wavuvi wa chisense, vile visamaki vidogo vinavyovuliwa kwa mwanga. Taa zao mpya zilikuwa zinakufa kabla ya mwezi kuisha. Niliwamiminia kikombe cha alumini kinachoshika taa kwa juu na kuzama majini kwa chini, ziwa zima likawa ndilo linalopoza. Wavuvi wa Kilwa, kisiwa cha humo humo ziwani, walileta taa zao zote. Fundi wangu aliacha sufuria miezi miwili kwa ajili ya vikombe hivyo. Ningeweza kutulia hapo. Lakini kitu kikishafanya kazi, mimi kinanichosha.

Mama ana ugonjwa wa sukari. Anajidunga insulini asubuhi na jioni, na insulini haitaki joto. Nyumbani tuna friji ndogo, na kwa kuwa umeme hukatika saa nyingi kuliko unavyowaka, niliweka paneli mbili za sola, betri, na inveta, kisanduku kinachogeuza umeme wa betri uwe wa friji, ukutani sebuleni. Inveta ilikuwa ile ile ya watu wa baridi. Ikipata joto sana inajizima yenyewe, na mpaka mtu abonyeze kitufe hairudi. Mama hakukigusa kitufe hicho. Alisema vitufe ni vyangu.

Mwezi wa saba nilipata barua. Kampuni moja ya mgodi, upande wa Solwezi, safari ndefu kutoka kwetu, ilitaka injinia wa kumimina sahani za kupozea tanuru. Niliisoma nikizunguka meza. Ile ndiyo kazi niliyosomea, na tangu Lubumbashi nilikuwa sijasimama mbele ya tanuru lenye urefu kunizidi. Lakini nani angebonyeza kitufe? Nikawaomba wanipe muda, nikamtangazia mama, aliyekuwa anachambua maharage, kwamba inveta ikimaliza mwezi mzima bila kuzima, ninaondoka.

"Bon," alisema, akaendelea na maharage yake.

Mapezi ya kwanza niliyamimina kwa pistoni, saba, mafupi, manene. Nililisugua tumbo lao, upande wa kugusa inveta, juu ya kioo kwa msasa mpaka likawa bapa kabisa, nikapaka mafuta meupe ya watoto wachanga yenye zinki ili joto lisikwame njiani, nikalifunga mgongoni mwa inveta kwa skrubu nne. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, inveta vuguvugu tu. Alhamisi niliporudi saa kumi alasiri, imezima. Friji imekufa. Nilikimbilia kipimo cha sukari, nikamtoboa mama kidole bila hata kusalimia. Sukari ilikuwa nzuri.

Nikasema mapezi ni mafupi. Nikamimina mengine marefu zaidi. Alhamisi iliyofuata inveta ikazima.

Nikasema kitako kinachobeba mapezi ni chembamba. Nikamimina kitako kinene kama kidole gumba. Ikazima Alhamisi.

Hapo mtu mwenye akili angejiuliza kuna nini Alhamisi. Nilijiuliza, lakini kwa namna yangu, yaani nikitembea. Alhamisi wamama wa kanisa huja kuomba kwetu, kumi na wawili hivi, kuanzia saa nne asubuhi. Nikahesabu joto la miili yao kwenye daftari. Nikahesabu pumzi. Nikatoboa matundu mawili ukutani chini ya paa ili pumzi za wamama zipate pa kutokea. Nikabadilisha feni. Fundi wangu alikuwa akinitazama ninavyochora, akatikisa kichwa.

"Ba injinia, mukwai," alisema kwa adabu ya kwao, "si ukae tu kule nyumba siku moja, uangalie?"

Nikamwambia siwezi kupoteza siku nzima nimekaa na wamama wanaoimba. Sauti yangu ilikuwa ya juu kuliko swali lake lilivyostahili. Ukweli ni kwamba kukaa chumba kimoja na watu wanaofumba macho kunanifanya niwashwe mwili mzima. Nikarudi kwenye mapezi.

Toleo la nne lilinitesa. Nilitaka mapezi membamba na marefu, mengi, yaliyobanana. Alumini ilikuwa inaganda kabla ya kufika ncha, yakatoka yamekatika kama meno ya chanuo la zamani. Tukaongeza moto. Metali ikanyonya hewa ikatoka na matundu. Tukapunguza moto. Wiki tatu zilipita hivyo, na Solwezi waliniandikia mara ya pili kuuliza kama bado nina nia. Nililala vibaya, nilikula nimesimama, nikamfokea fundi, nikamfokea mama, nikamwomba msamaha mmoja tu kati yao. Kila Alhamisi niliporudi nilibonyeza kitufe, nikamtoboa mama kidole, na kila Alhamisi sukari yake ilikuwa nzuri. Nilimshukuru Mungu kwa bahati hiyo. Sikuiandika kwenye daftari.

Kisha Alhamisi moja ya mwezi wa kumi, tukiwa tumeshawasha, chungu cha kuyeyushia kikapasuka. Alumini yote ilimwagika kwenye mkaa. Hakuna aliyeungua, lakini siku ya kazi ilikuwa imekwisha kabla ya saa tano. Fundi alikaa chini ya kibanda akawasha sigara. Mimi nikapanda baiskeli nikaenda nyumbani, kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda.

Nyimbo nilizisikia kutoka barabarani. Niliingia bila kubisha. Wamama walikuwa wameketi wamezunguka sebule, na ukutani, juu ya inveta yangu, juu ya mapezi yangu niliyoyasugua mpaka vidole vikachubuka, kulikuwa na kitambaa.

Nieleze. Katika nyumba zetu kitu cha thamani hakiachwi wazi. Redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, viti vina vyao mgongoni na mikononi. Mama anavifuma mwenyewe kwa uzi mweupe na kulabu, anavikaza kwa uji wa muhogo, anavipiga pasi. Hiki kilikuwa kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuona, chenye pindo la mawaridi, kimekunjwa mara mbili na kushuka mpaka chini ya mapezi. Hewa isingepita hata kwa kubembelezwa. Niliweka kiganja juu yake nikakitoa haraka.

Nilikinyofoa. Nilipiga kelele. Sikumbuki yote niliyosema, lakini nakumbuka nilisema "miezi mitatu" mara nyingi, na nikasema neno moja la Kifaransa la kiwandani ambalo mama mchungaji alilielewa. Wimbo ulikatika. Mama hakusimama.

"Wee," alisema taratibu, "salimia bamama kwanza."

Nikawasalimia. Mmoja mmoja, kwa mikono miwili, na alumini imenigandia kwenye viatu. Kisha nikaketi kwenye kigoda kando ya mlango mpaka maombi yakaisha, na waliniombea pia, kwa kirefu, kuhusu ulimi.

Walipoondoka nilikuwa bado nimekishika kile kitambaa.

"Mama, kwa nini?"

"Ile kitu ulifanya na mikono yako," alisema. "Bageni banaingia, mi niiache uchi pale, sawa kitu ya kuokota? Bamama bote banajua ni mutoto yangu aliifanya. Nilitaka bayione iko na heshima."

Hasira ilianza kunishuka. Nilikuwa tayari kucheka. Nikamwambia basi, hakuna neno, hakujua, na kosa ni langu kwa kutomweleza.

"Hapana," alisema. "Mara ya kwanza, njo sikujua. Ulirudia ku nyumba, ukasema imezima juu ya joto. Nikajua palepale."

"Ukajua?"

"Nikajua. Na siku ya maombi ingine nikaifunika tena. Nilikuwa naitosha mbele ufike."

Nilisimama. Kumbe kila Alhamisi alikuwa anakiondoa kitambaa kabla sijarudi. Nilimuuliza kwa ajili ya nini, ingawa nilishajua.

"Ulisema ikifanya mwezi moja haizime, unaenda."

Nikamwambia angekufa. Nikamwambia insulini iliyopata joto ni maji tu, kwamba alikuwa anacheza na damu yake mwenyewe ili anizuie mimi, na kwamba hakuna mama mwenye akili anayefanya hivyo. Aliniacha nimalize. Kisha akauliza, bila kupandisha sauti, kama ninamwona yeye mjinga, akanishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, chini ya mpapai.

Kulikuwa na chungu ndani ya chungu, mchanga mbichi katikati yake, na gunia lililolowa juu. Nilikuwa nimepita hapo kila siku nikidhani ni maji ya kunywa. Alifunua. Ndani kulikuwa na chupa yake ya insulini, imefungwa kwenye mfuko, kavu. Nilienda kuchukua kipimajoto changu. Uani palikuwa na nyuzi thelathini na sita. Ndani ya chungu zilikuwa ishirini na tatu. Nilisubiri, nikapima tena. Ishirini na tatu.

"Kila siku ya maombi naiweka hapa," alisema. "Nesi wa Kenani njo alitufundisha. Kule frigo ilikuwa wapi?"

"Mbona mimi sikuona?"

"Ungeona wapi? Ulikuwa unatengeneza radio ya bantu bengine."

Nilichuchumaa pale na kipimajoto mkononi. Hewa inapita, maji yanakauka, joto linaondoka nayo. Niliisoma mwaka wa kwanza na nilifaulu. Matoleo manne ya mapezi, chungu cha kuyeyushia kilichopasuka, ugomvi wote ule, na mama alikuwa ameshamaliza swali zamani kwa udongo na mchanga. Hakuwa na haja ya friji yangu. Kwa hiyo hakuwa na haja ya mtu wa kubonyeza kitufe. Nilijisikia mwepesi na mgonjwa kwa wakati mmoja.

"Kwa nini unanionyesha leo?" nilimuuliza.

Alirudisha gunia, akalimwagia maji kwa kikombe, akahakikisha limelowa pande zote.

"Ulikuwa unakonda," alisema.

Aliingia ndani akatoka na barua ya Solwezi na simu yangu. Barua alikuwa ameitunza ndani ya Biblia yake, na mimi nilikuwa nimeitafuta kwa majuma. Akanipa vyote viwili, akasema, "Piga."

Nilikuwa nimemkasirikia kwa kunizuia, na hapo hapo nikamkasirikia zaidi kwa kuniachia. Nilipiga. Mwanamume mmoja akapokea, mpole, akanikumbuka jina, akasema nafasi bado ipo ila hawawezi kungoja zaidi. Akauliza nitaripoti lini.

Niliiziba simu kwa kiganja.

"Mama, nimwambie Jumatatu, ama mwisho wa mwezi?"

Mwisho wa mwezi ungetupa siku kumi na saba. Nilikuwa nimeshazihesabu. Mama alikuwa amesimama karibu na mpapai, ameushika mti kwa mkono mmoja.

"Sema Jumatatu," alisema. "Mwisho wa mwezi sitaweza tena."

Nikaondoa kiganja kwenye simu, nikasema Jumatatu.