Kitabu Kisicho na Doa

Ni Jumamosi asubuhi katika mji mdogo mkoani Aomori, kaskazini mwa Japani, na theluji inaangukia turubai lililotandwa nje ya maktaba. Chini yake kuna meza ya vitabu vya kugawa bure, vile ambavyo maktaba haivihitaji tena. Kuniko Hatazawa, mwenye miaka hamsini na tisa, anapekua, mikono ikinuka mafuta. Ametoka dukani anakokaanga katlesi za viazi ili mkono uende kinywani.

Anakiona: *Fuko Aliyeogopa Mvua*. Hadithi yake, michoro yake, jina lake juu ya jalada.

"Mwalimu!" anaita Nozue, mkutubi, kwa furaha ya kweli; ndivyo watunzi wanavyoitwa huku. "Tazama tulivyokitunza. Miaka yote hii, hakina hata doa!"

Kuniko anainama, anashukuru. Maskini Nozue, hajui amemchoma kisu. Kwa mtunzi wa vitabu vya watoto, usafi ni msiba. Kitabu kinachopendwa hutafunwa pembe, humwagiwa supu, hubandikwa gundi mpaka kikavimba. Rafuni vimejaa vya namna hiyo, vya wenzake, na hakuna anayethubutu kuviondoa.

"Nilijipa moyo kwamba watu hawanunui, lakini maktabani wanasoma," anajisemea. "Kumbe nilikuwa najidanganya."

Ametunga vitabu tisa. Viwili tu bado vinachapishwa, na mwaka jana vilimpa yeni elfu ishirini, zisizotosha hata mafuta ya taa ya kupashia nyumba joto majira ya baridi. Cha kumi kiko nyumbani, ukurasa wa mwisho haujachorwa. Leo alikuja kutafuta sababu ya kuumaliza.

Bibi mmoja anakinyanyua kile kitabu na kukipangusa theluji iliyopeperushwa na upepo.

"Kizuri jamani! Nampelekea mjukuu wangu."

Kuniko anamsogelea haraka. "Mwachie akichezee, mama. Hata akikichana, sawa tu."

"Thubutu! Kitabu kisafi hivi? Nakiweka juu ya kabati, asikifikie yule mharibifu."

Kuniko anacheka naye, maana afanyeje? Hasemi kwamba ni chake.

Jioni, nyumbani, anafunga rangi zake kwenye kitambaa. Ukurasa umebaki mweupe, na hajui kama atazifungua tena.

"Tuzo sikuzitamani kamwe," anajisemea. "Naomba tu, kabla sijafa, nikutane na kitabu changu kimoja kilichochanika."