Jinsi neno "kujiweza" lilivyomlaza bibi yangu chini hapa Nakivale

Wakuu, habari za huko mliko.

Kwa mnaonisoma mara ya kwanza, mimi ni kijana wa Kirundi, naishi kambi ya Nakivale, Uganda. Shule niliiachia njiani, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda mnivumilie. Ila kisa chenyewe hakijapinda. Bibi yangu yuko hapa pembeni anachambua maharage, na mimi huwa naandika huku nasoma kwa sauti. Nikiongeza chumvi atanikatiza.

Ndoto yangu ni kufungua gym ya wazee.

Chekeni kidogo, halafu tuendelee.

Bibi ndiye aliyenilea. Magoti yake yalikuwa yanalia asubuhi kama mlango wa kanisa letu, nikaanza kumnyoosha viungo pale nje ya nyumba. Majirani wakacheka. Baadaye wakaja mmoja mmoja kuuliza kama na wao wanaweza.

Mwisho tukahamia uwanja wa mpira nyuma ya kanisa, kila Jumamosi. Wakaanza kuniita kochi. Nilijiona mkubwa sana.

Aliyetunogesha ni Afande. Huyu ni Mganda, mwanajeshi mstaafu, alitumikia kambi ya jeshi Mbarara, sasa ana duka la spea za baiskeli pale Rwekubo, jirani na kambi. Alipita siku moja akatuona, akasema hawa wanahitaji mchakamchaka. Basi yeye anaimba, wazee wanaitikia, wanakimbia polepole kama wanafukuza kuku asiyekuwa na haraka.

Jamani ile furaha. Bibi alikuwa anarudi nyumbani anaimba mpaka kwenye shamba lake la maharage.

Sasa ndipo Afande akaja na habari.

Kulikuwa na watu wa wilaya na wa wizara wanaandaa mwongozo wa wazee. Yaani serikali ifanye nini ili mtu azeeke akiwa na afya na shughuli zake, asikae tu kusubiri siku. Mkutano wenyewe ungekuwa Mbarara, ila kabla yake walitaka kuja kuona group letu. Wakilipenda, wataomba kliniki ya wazee iletwe huku huku kambini: presha, sukari, magoti. Maana kwa sasa mzee akitaka hayo inabidi atafute nauli ya kwenda mjini.

Afande akafurahi kuliko mimi. Akachukua kipaza sauti chake cha mkononi, akapanda pikipiki, akazunguka vijiji vyetu vyote:

"Wazee wote wenye kujiweza! Jumamosi, uwanja ya kanisa. Wageni kubwa inakuja kuangalia nyinyi. Wenye kujiweza tu!"

Wakuu, hapa nisimame kidogo kwa wasioyajua maisha ya kambi.

Msaada wa chakula ulipopungua, walibakizwa wale wanaoitwa wasiojiweza. Ukionekana unajiweza, unaondolewa, ukajitafutie. Tuna majirani walioondolewa hivyo hivyo. Kwa hiyo huku ukimwambia mzee "unajiweza", hujamsifu. Umeondoa sufuria yake jikoni.

Lakini jeshini, anayejiweza ndiye anayepewa cheo. Afande aliwatangazia sifa. Wao wakasikia hukumu.

Jumamosi ikafika.

Uwanja mtupu.

Gari la wilaya likaja, akashuka madamu mmoja na wenzake wawili. Wakatukuta mimi, Afande na mbuzi. Afande amevaa viatu vyake vya jeshi, amevipaka rangi vinang'aa. Anageuka huku na huku: "Sasa wazee yangu iko wapi?"

Akatokea Baba Mapendo, jirani yetu Mkongomani, mzee wa utani sana. Siku hiyo ana mkongojo.

"Kochi, mi niko mugonjwa. Angalia mukongojo."

"Baba Mapendo, jana si ulikuwa juu ya paa unapigilia bati?"

"Ile ilikuwa jana. Leo batu ba kuhesabu bamekuya."

Alikuja akichechemea mguu wa kushoto. Akaondoka akichechemea wa kulia.

Nilitaka kucheka lakini kicheko hakikutoka. Nikakimbia nyumbani.

Bibi amelala kwenye mkeka, kajifunika kitenge mpaka kidevuni, saa za mtu kuwa shambani.

"Kuanzia leo mimi sijiwezi," akasema.

"Bibi, wale wamekuja kuona mazoezi tu."

"Watoke Mbarara na gari, mafuta yote hayo, waje kutazama vikongwe wanaruka? Mwana wanje, mwanangu, wewe bado mdogo."

Tangu siku hiyo uvumi ukawaka. Eti kochi na Afande wanauza wazee. Eti mazoezi yalikuwa mtego, tuliwapa nguvu ili waonekane. Nilipopita, watu niliokuwa nawashika mikono kuwanyanyua walikuwa wanaangalia pembeni. Nikaacha kupita njia ya kanisani.

Lakini lililoniumiza hasa ni Bibi.

Hatoki. Shamba likaota majani. Chakula namletea pale pale mkekani. Miguu ikaanza kuvimba, ukibonyeza kwa kidole panabaki shimo. Akiongea maneno machache anavuta pumzi. Nikamwomba atembee japo humu humu ndani, kutoka mkeka hadi mlangoni.

"Na mtoto wa jirani akichungulia?"

"Nitafunga mlango."

"Mlango wenyewe wa turubai, mwana wanje. Unafunga nini?"

Ndivyo tulivyoishi. Mimi namlinda asionekane amesimama, huku moyoni namwomba Mungu asimame.

Asubuhi moja nikamkuta amekaa nusu, mkono mmoja chini, anajaribu kunyanyuka. Hanyanyuki. Nikadhani ni ule mchezo wetu. Nikamwambia kwa sauti ndogo, Bibi, nje hakuna mtu, amka tu.

Akaniangalia.

"Mwana wanje, leo sichezi."

Sijui niliruka vipi hadi nje. Simu yangu ilimwita Afande kabla sijafikiria nimpigie nani. Akaazima gari la mfanyabiashara mwenzake, tukamlaza Bibi kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwangu. Kufika Kaberebere, njiani kwenda Mbarara, mkono wake ulikuwa wa baridi na anapumua kama mtu anayepanda mlima. Afande hakuimba. Mimi nilikuwa namwongelesha Bibi upuuzi wowote, kuhusu gym, kuhusu rangi nitakayopaka ukutani, kuhusu Baba Mapendo na mguu wake unaobadilika, ili tu asifumbe macho.

Tulimfikisha hospitali ya misheni pale Ruharo, Mbarara. Wakampokea, wakamchoma sindano, wakampa dawa za presha na za kutoa maji mwilini. Siku zilizofuata alipata nafuu. Daktari akatuambia: "Huyu mama amelala mno. Dawa atameza, lakini bila kutembea tutakutana tena hapa hapa."

Bibi akatazama mlangoni kwanza. Halafu akamwuliza daktari kwa kunong'ona:

"Naweza kutembea humu ndani, mkifunga?"

Daktari hakuelewa. Afande naye hakuelewa, amesimama pale na kofia mkononi. Ikabidi nimweleze Afande yote niliyokuwa naona haya kumwambia, neno kwa neno. Neno lile alilolitangaza, na maana yake huku kwetu.

Afande akakaa kwenye kitanda kitupu.

"Banange, jamani. Mimi nilikuwa nasifu hao." Kisha akamgeukia Bibi. "Kumbe neno yangu ndio ililaza mama?"

"Si lako, Afande," Bibi akamwambia. "Ulilikuta limeshaharibika."

Siku ya kuruhusiwa ndiyo ingekuwa siku ya ule mkutano, hapo hapo Mbarara. Afande akasema tupitie, tukaeleze kwa nini uwanja ulikuwa mtupu. Bibi akakataa. Alisema mnanipeleka nikajichongee mwenyewe. Hatukumlazimisha. Asubuhi tukamkuta amevaa, ameshika mkongojo alioazimwa hospitalini.

"Nitakwenda na hii," akasema.

Aliingia ukumbini anaegemea mkongojo. Kiasi gani kilikuwa ugonjwa na kiasi gani mchezo, hajaniambia mpaka leo.

Yule madamu wa wilaya akatutambua. Akauliza kwa Kiingereza, mimi nitafsiri: je, Bibi bado anaweza kujifanyia mambo yake mwenyewe?

Kwa Kiswahili swali hilo lina neno moja lililonyooka, na neno hilo mnalijua. Nikawa natafuta njia ya kulizunguka, naona watu wote wananitazama mimi. Akisema hapana, anarudi kwenye mkeka, na daktari ameshasema mkeka utamfanya nini. Akisema ndiyo, chakula kinaondoka, na vibarua vyangu mimi havijazi sufuria.

Bibi akanisoma usoni.

"Wameuliza kama najiweza, eh?"

"Ndiyo, Bibi."

Akausimamisha mkongojo ukutani, akashika meza.

"Waambie miguu inajiweza. Sufuria ndiyo haijiwezi. Wasiangalie miguu wakasema wameona sufuria."

Nikatafsiri. Madamu akaniomba nirudie. Akauliza, kwa hiyo ile Jumamosi mlikuwa mmejificha?

"Mlikuja na gari kubwa," Bibi akajibu. "Tungefanyaje?"

Watu wakacheka, hata madamu. Kisha wakabishana wao kwa wao muda mrefu. Mwisho wakaongeza sentensi kwenye rasimu, akaisoma ili nimtafsirie Bibi: mzee akishiriki mazoezi au shughuli yoyote, hiyo isitumike kupima kama anahitaji chakula.

Madamu hakutudanganya. Alisema wanaoamua mambo ya chakula ni wengine, ila atawafikishia. Rasimu bado haijapitishwa. Tunangoja.

Tuliporudi, Afande akatangaza upya: "Wazee yote! Mwenye fimbo, asiye na fimbo. Hakuna mtu anaandika jina."

Jumamosi tukawa watatu tu uwanjani. Afande, mimi, Bibi.

Bibi akaanza kuuzunguka uwanja, taratibu, mbele ya nyumba zote zile. Naona mapazia yanasogea. Nikamwambia Bibi inatosha, turudi. Akaendelea na mzunguko. Alipofika upande wa pili akasimama kupumzika. Baba Mapendo alikuwa pale kwenye uzio, ameegemea mkongojo wake.

"Baba Mapendo," Bibi akamwita kwa sauti ya kusikika kote. "Leo ni mguu gani?"

Mzee akaangalia miguu yake, mmoja, halafu mwingine. Akacheka mpaka akakohoa. Akaja, akauegemeza mkongojo kwenye goli, akajiunga nyuma ya Bibi.

Jumamosi iliyopita goli lile lilikuwa limejaa mikongojo.

Wakuu, mpaka leo Bibi hajaondolewa, lakini kila siku ya mgao ikifika tunaamka na hofu. Sitawadanganya kwamba imekwisha.

Nilichojifunza ni kwamba huwezi kumwambia mzee afanye mazoezi, halafu ukamfanya aogope kuonekana mzima. Wanaoandika sera za wazee waanzie hapo. Nguvu za mzee zisiwe kesi dhidi yake. Na kabla ya kushika kipaza sauti, waulize kwanza neno hilo hapo mtaani linamaanisha nini.

Sasa karibuni mchangie. Kwenu mzee mwenye nguvu zake mnamwitaje, kwa neno lisilomtisha? Afande anatafuta la kutangaza Jumamosi, na Bibi ameshasema hakuna litakalopita kabla hajalisikia yeye.