Biubwa Hafungui Mlango

Pale Bellevue, Johannesburg, ukitaka vitumbua vya Biubwa unabisha dirishani. Mlangoni hapana, dirishani. Wateja wote wanajua, Wakongo, Watanzania, hata yule mlinzi Mzulu wa jengo la jirani. Anayebisha mlango basi hamjui Biubwa, na asiyemjua Biubwa hafunguliwi. Redio inazimwa, moto wa jiko unapunguzwa, na mama wa watu anakaa kimya mpaka viatu viondoke.

Na wala sio uchizi. Zamani alipanga chumba Alexandra, jiji hilohilo. Mwaka ule wa 2008 vijana wakapita mlango kwa mlango wakisaka wageni, wakiuliza humu anakaa nani na katoka wapi. Biubwa akatorokea mlango wa nyuma, chuma cha vitumbua kwapani, kandambili mguu mmoja. Chuma chenyewe ndio hichohicho anachopikia mpaka leo, mpini umepinda vilevile. Ndio maana msimu wa uchaguzi ukianza, magari ya vipaza sauti yakishapita tu, yeye dirisha anafunga kabla ya magharibi.

Sasa katikati ya msimu kama huo, simu ikaingia kutoka Bradford, kaskazini ya Uingereza. Ni Twalib, mdogo wake, anayeendesha basi huko. Mama yao alifariki Twalib hajaota hata meno, Biubwa ndiye aliyemlea Tanga, kwa hiyo jambo kubwa halifanyi bila radhi ya dada. Alioa kwa radhi, akasafiri kwa radhi. Safari hii akaomba radhi agombee udiwani.

Biubwa akauliza kwanza kama uraia ameshapata. Twalib akasema bado, pasi yake ni ya Tanzania na kibali cha kukaa anacho, ila kule sheria inamruhusu mtu wa Jumuiya ya Madola kupiga kura ya mji na kugombea pia. Biubwa huyu, miaka yote Johannesburg, karatasi ya kura hata rangi yake haijui. Hapo ndipo akanusa kitu.

"Twalib, nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma, dada. Chama kimeniomba."

"Kikakuomba weye. Wenye nchi wamekwenda wapi?"

Twalib akacheka, na kicheko ndicho kilichomponza. Akasema karatasi za kugombea mwisho Ijumaa, na bila neno la dada hatii sahihi. Akajibiwa kwamba basi asitie, na simu ikakatwa.

Ikaja picha. Twalib kasimama katikati, Wazungu wawili huku na huku, meno yote nje. Biubwa akaivuta picha mpaka ikabaki mikono. Akataka kujua kwa nini yule wa kushoto kamshika bega. Binti yake Yasmin, aliyezaliwa hapahapa Joburg na Kiswahili anakisikia lakini anakujibu kwa Kiingereza, akasema ni picha ya kampeni tu. Biubwa akasema wamemshika asikimbie. Angélique, yule Mkongo msusi, alikuwa dirishani anasubiri vitumbua vyake, akachungulia akasema kaka kapendeza kama bwana harusi.

"Hata mbuzi wa harusi anaogeshwa kwanza," Biubwa akamwambia.

Kilichoharibu kabisa ni aliposikia kazi yenyewe ya kampeni: Twalib anapita mitaani anabisha milango ya watu. Upawa ukamtoka mkononi. Akasema hatoi neno lolote mpaka aone kwa macho yake.

Kesho yake Twalib akapiga simu ya video, akaichomeka simu kwenye mfuko wa shati, kamera nje. Mlango wa kwanza kimya. Pazia likacheza kidogo.

"Yumo," Biubwa akasema. "Kapunguza moto wa jiko huyo."

Mlango wa pili akafungua bibi mmoja wa Kizungu na koti la kulalia, akamtazama Twalib juu mpaka chini, akamwambia arudi kwao. Yasmin akagoma kutafsiri. Haikuhitajika, sentensi hiyo Biubwa kashaisikia kwa lugha nyingi. Akamwambia mdogo wake aondoke hapo haraka. Lakini bibi hakuwa amemaliza. Alisema kabla hajarudi huko kwao, aje kwanza aone pipa la taka, gari halijapita wiki ya pili, na diwani asiyeona pipa ni diwani gani.

Twalib akaenda. Biubwa akakodoa macho pembeni ya pipa, nyuma ya ukuta, akingoja mtu aruke. Hakuruka mtu. Bibi akamshikia geti, huku bado anamfokea.

Alhamisi mlango wa Biubwa ukabishwa. Redio ikazimwa, moto ukapunguzwa. Akachungulia: msichana peke yake, fulana ya chama, viatu vumbi tupu. Biubwa akasimama pale, pazia mkononi, akalitazama lile pazia. Halafu akafungua mlango, cheni haikutoka. Msichana akauliza kwa Kizulu kama mama atapiga kura. Kura Biubwa hakuijibu. Alitoa kidole kwenye upenyo akamwonyesha taka za kona, zimefika mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani, na hakuna gari la taka linalopita. Msichana akaenda kweli, akazipiga picha, akarudi. Biubwa akamwambia siku nyingine abishe dirishani kama watu.

Kisha akampigia Twalib.

"Tia sahihi. Radhi unayo. Lakini ukishabisha rudi nyuma, mikono waione. Na Twalib, asiyefungua usimrudie. Mwache."

Twalib akasema sawa, dada.

"Pipa la yule bibi je?"

Bado, akasema, ameshawapigia watu wa halmashauri.

"Wapigie tena," Biubwa akasema, akaenda kupandisha moto wa jiko.