Mnazi Unaorefuka Baada ya Sala

Juzi pale Mnazi Mmoja nilimkuta mpima ardhi wa serikali akiwafundisha makarani sita hesabu ya pembe. Alikuwa amechomeka kijiti karibu na mnazi. Kivuli cha kijiti kikilingana na kijiti, aliwaambia, basi na kivuli cha mnazi kimelingana na mnazi. Hapo wataupima bila mtu kupanda.

"Nani atanijulisha wakati huo ukifika?" aliuliza mpima.

"Sote, bwana," alijibu karani mmoja. "Siku hizi jua linapita utosini. Kivuli kikilingana na kitu, alasiri imeingia."

Mpima alifurahi kupata wanafunzi wepesi namna ile.

Kivuli kikalingana, adhana ikasikika kutoka Kariakoo, na makarani wote wakaenda kusali. Mpima akabaki ameshika ncha moja ya kamba, akanitazama. Nikamwonyesha mikono yangu inavyochuruzika maji ya udhu.

Tuliporudi, kivuli cha mnazi kilikuwa kimerefuka hadi futi arobaini na saba. Jana imamu alirefusha sura, mnazi ukafika hamsini na mbili.

Ramani inatakiwa Jumamosi. Leo asubuhi mpima alikuja msikitini, akavua viatu mlangoni, akamwomba imamu kwa adabu asome sura fupi.