Nyanya za Mwenzangu na Bustani ya Kisimani

Nyanya za mwenzangu zilikuwa nzuri kuliko zangu. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani nimekaa kuandika nijisifu. Zilikuwa kubwa, za mviringo, ngozi laini kama imepakwa mafuta, na zilikuwa zake. Hilo ndilo lililoniumiza.

Mwenzangu ninayemsema ni mke wa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Yeye ni mtu wa Tura, amezaliwa kando ya reli, amezoea kuona watu wanashuka na vitu vipya. Mimi nilitoka upande wa Usinge, ndani porini, mbali na reli, kwa watu wa asali na mihogo. Tuliolewa ukoo mmoja, tukakaa Isevya pale Tabora, yeye upande ule wa ua wa minyaa na mimi upande huu, na nyumba ya mama mkwe ikitutazama sote wawili. Enzi hizo alitawala Mwingereza, na shemeji yangu alikuwa mpishi katika nyumba mojawapo ya Wazungu wa reli. Mume wangu alikuwa seremala. Mpishi wa Wazungu haachi kurudi na kitu mfukoni. Seremala anarudi na vumbi la mbao.

Mama mkwe alikuwa na bustani kisimani. Aliyewahi kukaa Tabora anakijua kiangazi chetu, mchanga unakuwa kama majivu na mboga inakunjamana saa nne za asubuhi. Lakini pale chini kwenye kisima cha ukoo udongo ni mweusi, ukichimba kiganja kimoja tu unakuta unyevu. Mwenye bustani ile hakujitwisha maji. Mama mkwe magoti yalikuwa yamemkataa, na siku moja tulipokuwa tunachambua nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, akasema bila kuinua uso kwamba yeye kisimani hatalima tena. Atatazama ni nani kati yetu anayejua kulima, huyo atampa.

Mimi nilikuwa mke wa mkubwa. Nilikuwa na watoto wadogo na ndoo kichwani asubuhi na jioni, na nyanya zangu zilikunywa maji kuliko watoto. Nilijua bustani ile ni yangu. Nilianza hata kupanga wapi nitaweka bamia.

Ndipo shemeji akaja na paketi.

Bibi wa Kizungu alikokuwa anapika alipanda nyanya uani kwake, mbegu zikabaki kidogo, akampa. Paketi ilikuwa na picha ya nyanya iliyokatwa katikati, nyekundu mpaka moyoni. Mwenzangu aliisimamisha ile paketi tupu dirishani, sisi tunaopita tuione. Miche aliikuza kwenye chungu kilichovunjika. Ilipokua akaisimamishia vijiti na kuifunga kwa kamba za katani, jambo ambalo sisi hatukulifanya, nyanya zetu zilitambaa chini zinavyotaka. Mimi nilisimama nyuma ya minyaa nikasema moyoni hizo zitakufa. Hazikufa. Nilisali pia, lakini nilichosali sisemi.

Nilimwendea kwa upole kabisa. Nikamwuliza kama zimebaki hata mbegu mbili tatu.

"Zimeisha, dada," akasema. "Na hizi zinataka mkono mwepesi."

Mkono mwepesi. Kama kwamba mimi nilikuwa natwanga nyanya kinuni. Nilirudi kwangu nikafua nguo ambazo zilikuwa safi.

Sikukuu ya mavuno ilipofika kanisani kila mtu alipeleka alichonacho. Mimi nilipeleka karanga na kikapu cha nyanya zetu za siku zote, zile ndogo zenye mikunjo. Mwenzangu alikuja na ungo umefunikwa kitambaa, akaufunua mbele ya madhabahu polepole, kama mtu anayemfunua mtoto mchanga. Wanawake waliacha kuimba. Nasema kweli, ubeti wa pili ulibebwa na wanaume peke yao. Na mimi nilimwona mama mkwe, aliyekuwa amekaa benchi la mbele, akiinamisha kichwa upande kuzitazama vizuri, na nikaiona bustani ya kisimani ikinitoka mkononi.

Baada ya ibada vitu hunadiwa nje, kila mtu anunue amtolee Mungu. Nilikuwa napanga vikapu nikasikia sauti ya mume wangu. Yeye ambaye hata msumari hununua kwa kuugeuza mara mbili, alikuwa anashindana na watu kwa nyanya ya shemeji yake. Akaipata. Akaja nayo nyumbani ameishika kwa mikono miwili.

"Mama watoto, hii ukiiweka kwenye mlenda, mlenda unajipika wenyewe," akaniambia.

Nilichukua kisu. Nyama ya nyanya niliitia kwenye mlenda wake kama alivyotaka, akala akalamba vidole, na kila alipolamba kidole mimi nilimhesabia. Lakini mbegu sikumpa. Mbegu nilizikamulia kwenye majivu, nikazichanganya kwa vidole mpaka zikawa kama tope zito, nikazibandika ukutani jikoni juu ya mafiga. Ndivyo tunavyohifadhi mbegu. Moshi unazikausha na mdudu hazisogelei, na msimu ukifika unabandua kwa ncha ya kisu. Ukuta wangu ulikuwa na mabaka ya kila namna, maboga, matango, na nyanya za ukoo. Hizo nyanya za ukoo aliziletaga babu yake mume wangu alipokuwa mpagazi. Alikwenda pwani na jino la tembo begani, akarudi na mbegu zimefungwa kwenye pindo la nguo, na kikohozi.

Mama mkwe hakutoa bustani mwaka ule. Alisema nyanya za mwaka mmoja huenda ni bahati tu, anataka kuona mwaka wa pili. Nilishukuru. Nilikuwa na mbegu zile zile ukutani kwangu na hakuna aliyejua.

Mvua zilipokwisha nikatayarisha matuta. Nikaweka samadi, nikaweka udongo wa kichuguu, nikakata vijiti, nikatafuta na kamba za katani. Sehemu kubwa ya bustani niliipa zile ngeni, na za ukoo nikazitupa pembeni kama mtoto wa kambo. Ng'ambo ya minyaa mwenzangu naye alipanda. Bibi wa Kizungu alikuwa ameshapanda treni na mumewe, wamehamishwa, kwa hiyo paketi nyingine haikuwepo, ila mwenzangu hakuwa na wasiwasi, alikuwa amekamua mbegu za nyanya zake mwenyewe. Alipanda hizo tu. Za ukoo hakuwa nazo tena. Alisiliba jiko lake upya kwa udongo mweupe ili lipendeze, na mabaka ya zamani yote akayakwangua na kuyatupa.

Miche ilitoka vizuri. Niliimwagilia mpaka shingo ikaniuma. Nikaanza kumtazama mwenzangu kwa kumhurumia.

Kisha zikazaa. Mche wa kwanza ulitoa nyanya kama punje za mahindi. Wa pili zilikuwa ndefu, zimechongoka kama pilipili. Mwingine mikunjo, mwingine zilipasuka kabla ya kuiva, mwingine ulirefuka mpaka ukapita kijiti chake na haukuzaa chochote. Hapakuwa na mche uliofanana na jirani yake. Nilisimama katikati ya bustani yangu nikaona nimerogwa. Halafu nikaenda kwenye minyaa, nikatenga matawi, nikatazama kwake. Zilikuwa hivyo hivyo. Sitadanganya, nilirudi ndani nikacheka mpaka nikakaa chini.

Yeye hakucheka. Alikuja kwangu amefunga kanga kiunoni.

"Dada, mwaka mzima ulikuwa unazitazama nyanya zangu. Jicho lako limezikaa."

"Nimezitazama, ndiyo. Umezipanda mbele ya mlango wangu, ulitaka nitembee nimefumba macho?"

Alikuwa anafungua mdomo anijibu, akaona nyuma yangu. Akaona vijiti, akaona kamba za katani, akaona nyanya za kila rangi na kila umbo. Akauliza polepole hizo nilizipata wapi. Nikamwambia mume wangu alizinunua kanisani, mbele ya watu wote, na yeye mwenyewe alikuwepo akitabasamu.

Tulipaza sauti mpaka mama mkwe akatuita. Alituketisha, akawaita na wanawe wote wawili. Mwenzangu akasema jicho. Mimi nikasema kama ni jicho basi la nani limekaa kwangu. Hapo shemeji yangu, aliyekuwa anamenya karanga, akasema kwamba yule bibi alimwambia. Alimwambia kuwa nyanya zile ni chotara, zimezaliwa na nyanya mbili za aina mbali mbali zilizounganishwa huko kwao kwa mkono wa mtu, na watoto wake hawamfuati mama. Mwenye kuzitaka ananunua paketi mpya kila mwaka.

Mama mkwe akamwuliza kwa nini hakusema.

"Nilidhani ni ujanja wao wa kuuza paketi," akajibu. "Mama, nani amewahi kusikia mbegu inayomkana mamaye?"

Mama yake akamwambia aendelee na karanga zake.

Kisha akauliza nani bado ana mbegu za ukoo. Nilinyanyua kifua. Nikasema mimi. Alisimama kwa shida, akashika bega langu, tukaenda jikoni kwangu, akayapapasa mabaka kwa kiganja, moja moja, mpaka akafika la nyanya. Nikajua bustani imerudi.

"Bustani nampa mwenzio," akasema.

Nilidhani amenichanganya na mwingine. Nikamwambia, "Mama, mwenye mbegu ni mimi."

"Wewe una mbegu, na akili ya kuzitunza unayo. Yeye hana kitu. Nikimnyima na bustani, atakaa nyuma ya minyaa anakutazama wewe mpaka azeeke. Kutazama kwa namna hiyo nakujua. Nilikuona wewe mwaka jana."

Akaongeza kwamba nimbandulie na mbegu, apate kuanza. Nikabandua. Kidogo.

Watu wa kanisani wakasema mama mkwe ana hekima. Hekima ile niliibeba mimi kichwani, asubuhi na jioni, kutoka kisima ambacho bustani yake haikuwa yangu. Kila nilipokwenda kuteka nilimkuta mwenzangu amekaa kwenye udongo mweusi anapalilia, hana hata ndoo karibu. "Mwangaluka, dada," ananisalimu, habari za asubuhi. Namwitikia. Ndoo naijaza mpaka inamwagika ili aone ilivyo nzito.

Ila katika yale makorokoro yangu, mche mmoja uliota kwenye maji yanayotoka bafuni. Nyanya zake hazikufikia zile za paketi, lakini zilikuwa za mviringo, ngozi laini, na jua halikuziweza. Nilikamua mbegu za mche huo tu, nikazibandika peke yake juu ya mlango. Msimu uliofuata nikang'oa yote yaliyotoka vibaya, nikaacha yaliyomfuata mama. Na uliofuata hivyo hivyo. Niling'oa bila huruma. Baada ya misimu kadhaa zikakubali kufanana.

Siku moja mwenzangu alikuwa anapita kutoka kisimani na kikapu cha nyanya za ukoo, zile zenye mikunjo. Mimi nilikuwa namwagilia. Akasimama kwenye minyaa. Alizitazama nyanya zangu, akahamisha kikapu mkono huu na huu, akazitazama tena.

"Dada, zile mbegu za juu ya mlango..."

"Zimeisha, mdogo wangu," nikamwambia. "Na hizi zinataka mkono mwepesi."

Hakuondoka. Alisimama pale pale nilipokuwa nasimama mimi. Nilimgeuzia mgongo nikaendelea kumwagilia taratibu, tuta kwa tuta, na maji yalipoisha nikajitwisha ndoo nikarudi kisimani kuteka mengine, ingawa nyanya zilikuwa zimeshashiba.