Chakula cha Mchana Juu ya Fungu

Hiyo ilikuwa wiki ya mwisho ya miezi yangu mitatu ya majaribio katika ofisi moja ya utalii pale Shangani. Bosi alinikabidhi familia ya wageni waliotaka kuzunguka siku sita kwa yoti, kutoka Mikindani, kupitia visiwani, hadi mdomo wa Ruvuma.

"Ukiwapata hawa, mkataba ni wako," alisema.

Nilipanga yote kwenye kompyuta. Siku ya nne nikaweka chakula cha mchana juu ya fungu, ule mchanga mweupe unaoibuka katikati ya bahari maji yakitoka. Picha yake ndiyo iliyowavuta.

Jioni nilimsomea ratiba hiyo shangazi, ninayeishi kwake Ufukoni. Yeye huvua pweza kwa miguu, akichokoa miambani kwa kijiti.

"Siku hiyo mwezi mwandamo utakuwa wa ngapi?" aliuliza.

Nilitazama simu. "Tarehe nane ya mwandamo."

"Basi watakula wameinua shingo kama kasa! Hayo ni maji mafu, baba, hayapwi vya kutosha. Siku hizo sisi tunakaa nyumbani tunasukana. Fungu halitoki."

"Nani kasema?"

"Miguu yangu. Wewe kasome, si ndiyo kazi uliyosomeshewa?"

Nilisoma. Jedwali la maji lilikubaliana naye.

Asubuhi nilimweleza bosi. Hakushtuka.

"Iache hivyo hivyo. Wakifika, bahari si itakuwepo?"

"Wakiuliza fungu liko wapi?"

"Waambie liko chini. Uongo uko wapi hapo?"

Chuoni tulibishana juu ya ukweli mpaka sauti zikatukauka. Hapa ulikuwa sentensi moja tu kwenye barua pepe, nami niliiogopa mpaka saa tisa. Kisha niliwaandikia wageni kwamba kwa tarehe walizochagua fungu halitaonekana. Wasogeze safari kwa wiki moja, au tukifute chakula hicho. Nikatuma bila kumwonyesha bosi.

Walijibu kesho yake, kwa adabu. Likizo yao haisogezeki, na fungu ndilo walilolitaka. Wangetafuta visiwa vya kwingine.

Bosi aliisoma barua mara mbili, akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado.

"Nenda kale. Leo usirudi."

Habari ya kurudi kesho hakuitaja, nami sikuuliza. Nilichukua chaja na kikombe changu, nikashika njia ya Ufukoni kwa miguu.