Nilivyoitwa Mwizi wa RAM za Marehemu

Udongo wa kaburi la mume wangu ulikuwa haujakauka, laptop yake ikakataa kuwaka, na mimi nikaitwa mwizi wa kitu ambacho hata sikujua kinafananaje.

RAM.

Niliposikia hilo neno mbele ya wakwe zangu nilidhani wifi anataja jina la mtu.

Ngoja niwaeleze ilivyokuwa.

Mume wangu alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba. Ukimwonyesha kiwanja, anakurudishia nyumba kwenye karatasi, hadi mlango wa choo unafungukia upande gani. Kazi yote aliifanya kwenye laptop moja nyeusi, nzito kama tofali. Nilikuwa namtania kwamba nyumba hii ina wake wawili, na mke mdogo ni mimi.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa ramani ya nyumba ya mama yake. Aliichora hadi wodini, mto mgongoni, laptop mapajani.

Jumamosi aliniambia, "Imebaki ngazi tu."

Jumatatu akafariki.

Mimi sikulia.

Sijui niwaambieje. Watu walikuja, walilia, waliondoka, na mimi nimekaa kwenye kochi kama mtu anayesubiri zamu yake benki. Nikiambiwa kula, nakula. Nikiambiwa kaoge, naenda. Ndani yangu kulikuwa kimya kabisa. Hata huzuni sikuiona, na niliitafuta.

Maneno yakaanza. "Mjane gani macho makavu hivi?"

Nilisikia. Ila hata kujali kulikuwa kazi, na mimi sikuwa na nguvu ya kazi.

Aliyekuwa karibu yangu siku zile ni mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wa kwetu, ndiyo maana tunamwita Kitinda. Mwanaume mzima, ndevu anazo, lakini jina limeshaganda. Alihamia sebuleni kwangu. Anapokea simu zangu, anawapa wageni viti, watu wakizidi anafunga mlango.

"Dada, wewe usiongee. Niachie mimi."

Nikamwachia.

Siku moja wifi yangu akaja. Huyu ni dada wa marehemu, mdomo hauna breki.

"Wifi, naomba laptop ya kaka. Mama anataka ramani yake, mafundi wanasubiri kuanza msingi."

Nikamwonyesha kwa kidole ilipo. Akaichukua, akaenda zake.

Kesho yake akarudi. Mama mkwe alikuwepo, na baba mkubwa wa marehemu, na mashemeji wawili. Wifi hakukaa hata kwenye ncha ya kiti.

"Laptop haiwaki! Inapiga milio tu, skrini nyeusi. Nimempelekea fundi wa mtaani kwetu, kaifungua, anasema RAM zake, vile vijipande vya kumbukumbu, zimetolewa na humo ndani kumewekwa kitu cha ajabu ajabu. Kaka yangu hata hajapoa, watu wanamnyonyoa kama kuku!"

"Nani kazitoa?" mama mkwe akauliza.

"Laptop ilikuwa wapi, mama? Si humu? Na mwenye nyumba si huyu hapa? Halii, hasemi, anatutazama tu. Kimya kingi kina mshindo mkuu."

Wote wakanigeukia. Kitinda alikuwa amesimama mlangoni, akaangalia sakafu.

Nilitakiwa kusema "sijaiba." Neno lenyewe nililiona, lakini lilikuwa mbali, na kulifuata ilikuwa safari.

"Sijui," nikasema.

Baba mkubwa akakohoa. Nyumba tunayokaa ni ya ukoo wao, na msemaji wa ukoo ni yeye.

"Mwanangu, anayemwibia marehemu hawezi kulala chini ya paa la marehemu. Jumapili tutakaa kikao. Kama hakuna maelezo, utafungasha."

Aliongea taratibu, bila hasira. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hatanii.

Asubuhi nikampigia wifi. Nikamwambia twende tukanunue RAM nyingine, laptop iwake, mama apate ramani yake. Mengine wataamua Jumapili.

"Sawa," akasema. "Lakini twende wote. Sikuachii hiyo mashine hata ukienda chooni."

Tukaelekezwa kwa fundi mmoja anayeuza vifaa vya mashine za zamani. Ofisi yake ilikuwa chini ya ngazi za jengo la maduka: meza moja, taa moja ya kuinamisha shingo, na kisahani cha kuwekea skrubu. Fundi mwenyewe mwanamke, anatafuna chingamu, mtaa mzima wanamwita Bisibisi.

"Nataka RAM," nikamwambia.

"Ya nini?"

"Ya laptop."

"Hiyo ni sawa na kuingia dukani ukasema nataka kiatu. Cha nani? Namba ngapi? Mguu upi?" Akacheka peke yake. "Leteni mgonjwa tumwone."

Akaigeuza laptop chali, akafungua kifuniko cha chini. Akachomoa kijipande cha kijani, kirefu kama kidole, akakisogeza kwenye taa na kusoma karatasi iliyobandikwa juu yake.

"Mh. Nani kawawekea hii?"

"Ndilo tunalotaka kujua," wifi akadakia, akinitazama mimi.

"Sikilizeni. Mashine hii ina matundu mawili. Moja tupu, moja lina hii. Hii ni DDR3 ya kawaida, inakula volti moja na nusu. Mashine yenyewe inataka DDR3L, ya volti moja nukta tatu tano. Zote mbili zinaingia tundu hilo hilo, kwa macho huzitofautishi, na hapo ndipo watu wanapoliwa sokoni. Wanaangalia imetosha, basi. Ukiwasha, inapiga makelele na haiendi popote."

"Lakini mume wangu alikuwa anachora nayo," nikasema. "Hadi Jumamosi, wodini."

Bisibisi akaacha kutafuna.

"Akiwa na hii? Haiwezekani. Hii mashine haijawahi kuwaka na hii hata dakika. Hii imewekwa baadaye."

Nikageuka kumtazama wifi. Kwa mara ya kwanza tangu msiba nilihisi kitu, kama mlango kufunguka kidogo. Nikadhani nimepona.

"Baadaye lini?" wifi akauliza, polepole. "Kaka alipofariki, laptop ilikuwa kwa nani?"

Kwangu. Ilitoka wodini mikononi mwangu na ikalala chumbani kwangu. Ule mlango wa ndani yangu ukajifunga.

"Hayo yenu ya nyumbani mimi simo," Bisibisi akasema. "RAM ya aina hii leo sina, naagiza. Lakini siagizi kwa kubahatisha. Kwanza nijue matundu yenyewe yako hai. Nyumbani hakuna mwenye laptop ya umri huu? Niazimeni RAM zake dakika chache nijaribu."

"Mdogo wangu anayo," nikasema.

Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu.

"Alinunua pamoja na marehemu, duka moja, aina moja."

Nikampigia Kitinda. Alikuwa kazini. Nikamwambia naichukua laptop yake mara moja, fundi anataka kujaribu RAM.

Akapandisha sauti.

"Dada, usiiguse. Ina virusi. Vitaingia kwenye ya shemeji."

Nikamwambia Bisibisi.

"Virusi kwenye RAM iliyochomolewa?" Bisibisi akashika kiuno. "Mwambie hiyo hata mafua haiambukizi."

Niliporudisha simu sikioni, Kitinda alikuwa amekata.

Tukaenda nyumbani na wifi. Laptop ya Kitinda ilikuwa sebuleni, chini ya godoro lake. Nikaibeba. Sikuwaza kitu, naapa. Siku zile kuwaza kulikuwa kwa watu wengine.

Tulipofika kwa Bisibisi, simu ya wifi ikaita. Mama mkwe. Akatoka kuongelea nje.

Bisibisi akafungua kifuniko.

"Ehee! Wenyewe hawa hapa. Pacha! GB nane kwa nane, DDR3L, kasi sawa. Huyu mdogo wako anakula kisultani."

Akazichomoa, akaziweka mezani mbele yangu.

Kila moja ilikuwa na kipande kidogo cha karatasi ya gundi. Moja imeandikwa JUU, nyingine CHINI.

Herufi kubwa, wima, nafasi zake zote sawa, kama zinavyoandikwa pembeni mwa ramani. Mwandiko huo uko kwenye kopo langu la chumvi. Uko kwenye swichi za ukutani, kwenye maboksi ya viatu. Mume wangu alikuwa haachi kitu bila lebo, na ulimwengu mzima hakuna mwingine anayeandika vile.

"Niziweke?" Bisibisi akauliza. Yeye hakuona kitu.

"Subiri."

Ukucha wangu ulikuwa umeshafika kwenye pembe ya karatasi. Gundi imezeeka, ingebanduka bila shida. Zikibanduka zote mbili, RAM hizi hazina mwenyewe. Kitinda anabaki Kitinda. Mimi Jumapili nafungasha, na kusema kweli kufungasha hakukunitisha. Hakuna kilichonitisha.

Nikakaa na ukucha pale, natafuta sababu ya kutobandua.

Nikaipata moja. Nitakuwa nafuta mwandiko wake. Haikuwa heshima yangu, wala ukweli, wala haki. Sikutaka tu kufuta mwandiko wake.

Nikaondoa ukucha.

"Weka."

Bisibisi akabonyeza kitufe. Safari hii hakuna mlio. Skrini ikapata mwanga, na baada ya muda Bisibisi akabofya faili la mwisho, ramani ikafunguka: sebule, jiko, chumba cha mama kikiwa chini kabisa ili asipande popote. Mahali pa ngazi palikuwa na mistari michache tu.

Wifi akaingia mbio. "Imewaka! Mama, imewaka, naiona nyumba yako!"

"Wifi, kata simu," nikasema. "Bisibisi, zima. Zitoe tena."

"Si imewaka, jamani?"

"Zitoe."

Akazima, akazitoa. Nikaziweka kwenye kiganja cha wifi.

"Huu mwandiko wa nani?"

Akasoma. Akasoma tena. Enzi zao za shule, kaka yake ndiye aliyekuwa anamwandikia jina kwenye majalada ya madaftari. Akatazama laptop ya Kitinda iliyolala chali mezani, tumbo wazi. Akajishusha kwenye kiti cha wateja bila kuangalia kilipo, nusura akikose.

"Nilikuita mwizi mbele ya mama."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukujitetea?"

"Sikujua naanzia wapi."

Akalia. Alilia kwa sauti, chini ya ngazi zile, watu wanapita juu na mifuko yao. Akanikumbatia. Nikampigapiga mgongoni huku naangalia skrubu kwenye kisahani.

Wahenga walishasema yao kuhusu kikulacho. Sirudii, mnaijua.

Kikao cha Jumapili kilikuwa kifupi. Wifi alinitetea kwa mdomo ule ule usio na breki. Baba mkubwa akaniomba radhi mbele ya wote, na habari za kufungasha zikaishia hapo. Kitinda hakuwepo. Godoro lake lilikuwa limeshaondoka.

Baadaye akapiga simu. Nikapokea.

Akaeleza. RAM yake iliharibika, akaenda sokoni akanunua nyingine kwa kuangalia ukubwa tu, mashine ikaikataa, muuzaji akagoma kuirudisha. "Nikaona ya shemeji imekaa tu. Nikachukua zake, nikaweka ile niliyouziwa sokoni kuziba pengo. Nilidhani hakuna atakayeiwasha tena."

"Ukaacha niitwe mwizi. Ulisimama pale mlangoni."

"Nilitaka kusema, dada. Kila nikichelewa, inakuwa ngumu zaidi."

"Na uliifungua saa ngapi? Mimi sikutoka humu ndani. Sikukuona ukiigusa."



"Uliniona, dada."

"Nini?"

"Niliitoa chumbani, nikaifungua mchana kweupe, kwenye meza ya sebuleni, mbele yako. Wewe uko kwenye kochi. Nilikuwa na jibu tayari, ukiuliza nasema natoa vumbi. Hukuuliza. Ulinitazama mpaka nikamaliza." Akavuta pumzi. "Skrubu moja ikaanguka karibu na mguu wako. Ukaiokota, ukanipa."

Nikakata simu.

Nimejaribu kukumbuka. Kochi nalikumbuka, meza naikumbuka. Mchana huo siupati.

Tangu hapo ananipigia na sipokei. Sina hasira naye. Hilo ndilo linalonitisha kuliko wizi wenyewe.

Ninayewaandikia haya nina machache ya kusema. Ukitaka kuongeza RAM, chomoa ya zamani kwanza, usome karatasi yake: aina, volti, kasi. Ulizia na mashine yako inabeba kiasi gani. Kuingia tunduni si kukubali. Mdogo wangu angesoma kabla ya kununua, leo angekuwa bado anakuja kula kwangu.

Na kama kwenu kuna mfiwa asiyelia, acheni kumhesabia machozi. Mtu huyo hajawa jasiri, wala hana roho mbaya. Hayupo tu. Mkalieni karibu, mlindeni yeye na vitu vyake mpaka atakaporudi.

Mimi niliibiwa macho yakiwa wazi, na mwizi nikamwokotea skrubu.